Jumamosi Sita za Kujifunza Kuuza Ujuzi: Tathmini ya Kozi Moja ya Moshi

Nimefanya kazi ya kutafsiri kwa kujitegemea mjini Moshi kwa miaka minne sasa, baada ya kuacha ofisi ya kampuni ya utalii ambako kwa miaka tisa nilikuwa nikijibu barua pepe za wageni na kuandika ratiba za safari. Kwa hiyo nilipolipa shilingi 180,000 kujiunga na kozi ya wiki sita inayojitangaza kuwa inamfundisha mtu kugeuza ujuzi wake kuwa kipato, sikwenda kama mtu asiyejua lolote. Nilikwenda kama mtu ambaye kazi anazipata, usiku anakesha, na mwisho wa mwezi bado anakopa hela ya luku. Nilitaka kujua ninakosea wapi. Jina la kozi sitalitaja, kwa sababu baadhi ya nitakayoyasema si ya kusifu na waendeshaji wake ni watu ninaokutana nao soko la Mbuyuni. Hata hivyo, kozi za namna hii zimekuwa nyingi Moshi na Arusha, zinafanana kwa mengi, na anayefikiria kujiunga na mojawapo anaweza kuyatumia haya kuuliza maswali kabla ya kutoa fedha yake.

Kuhusu mahali sina mengi ya kusema. Ni chumba cha ghorofa ya pili katikati ya mji, chenye viti vya plastiki, feni moja, na chai ya maziwa na maandazi saa nne asubuhi. Tulikuwa watu 17, idadi ambayo mwalimu mmoja anaimudu. Umeme ulikatika Jumamosi mbili, na mara zote mbili jenereta ilikuwepo lakini mafuta hayakuwepo.

Jumamosi ya kwanza ilinikatisha tamaa. Saa tatu nzima tuliambiwa tuandike vipaji vyetu kwenye karatasi za rangi na kuzibandika ukutani, kisha tupige makofi. Mtu aliyefikia hatua ya kulipa shilingi 180,000 anajua tayari kuwa anashona, anapiga picha au anatunza hesabu, na hahitaji kuambiwa kuwa ana kipaji. Nilitoka pale nikiwa nimekwisha kuamua kuwa nikirudi wiki ya pili na mambo yakawa yaleyale, nitadai nusu ya fedha zangu.

Wiki ya pili ilikuwa ya bei, na kwa ajili ya siku ile peke yake sijutii ada niliyolipa.

Mwalimu, ambaye kwa miaka mingi aliwahi kuwa mhasibu wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa, hakuanza na nadharia. Alimwita mbele mama mmoja anayeshona nguo Kiboriloni na kumwomba aje na gauni la kitenge alilokuwa amelibeba kumpelekea mteja jioni ile. Akalitundika kwenye msumari wa ubao.

"Mama yangu, hili unalishona kwa shilingi ngapi?"

"Elfu ishirini na tano, mwalimu. Kitambaa anakuja nacho mwenyewe."

"Na linakuchukua muda gani?"

"Siku mbili, kama umeme upo."

Mwalimu akaandika 25,000 juu kabisa ya ubao, akaanza kutoa. Uzi na zipu 2,500. Bitana 4,500, kwa sababu mteja huleta kitenge lakini bitana hujifanya ameisahau. Bodaboda ya kufuata vipimo na kurudisha nguo 4,000. Kodi ya fremu kwa siku mbili, kwa kuigawa kodi ya mwezi kwa siku za kazi, 6,000. Zikabaki shilingi 8,000 kwa siku mbili, yaani 4,000 kwa siku, bila kuhesabu umeme wala mafuta ya cherehani. Yule mama aliutazama ubao kwa muda, akafungua mkoba wake, akatoa daftari, akalifunga tena bila kuandika kitu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Msaidizi wangu namlipa elfu tano kwa siku." Hakuna aliyecheka.

Baada ya hapo kila mmoja alitakiwa kufanya hesabu yake, na utaratibu wenyewe nauandika hapa kwa sababu ndiyo mali halisi ya kozi hii. Unaanza na fedha ambayo nyumba yako inaihitaji kwa mwezi, bila aibu na bila kupunguza. Unaongeza gharama za kazi, zikiwemo zile ambazo aliyeajiriwa hazioni kwa kuwa mwajiri huzibeba. Kisha unagawa kwa siku ambazo kweli utaziuza, si kwa siku zote za kazi, na hapo ndipo wengi wetu tulipoanguka. Mimi nyumbani ninahitaji shilingi 800,000. Gharama zangu ni bando 60,000, umeme 25,000, kompyuta niliyoinunua kwa 1,440,000 na ninayotegemea inifae miezi 36, hivyo 40,000 kwa mwezi, nauli na vocha 35,000, na kwa matibabu pamoja na akiba 140,000. Jumla ya gharama ni 300,000, na mahitaji yote yanakuwa 1,100,000. Nilikuwa nimezoea kugawa kwa siku 22. Mwalimu aliniuliza ni siku ngapi katika mwezi uliopita nilikaa nikatafsiri kazi ya kulipwa, nikahesabu kwenye kalenda ya simu, nikapata 11. Nyingine zilikwenda kwa kuandikia wateja wapya, kufuatilia malipo, kukatika umeme na misiba miwili. Kwa hiyo kila siku inayouzika inapaswa kuniletea shilingi 100,000. Kwa kuwa ninatafsiri kurasa nane kwa siku nikiwa makini, bei ya ukurasa ni 12,500. Bei niliyokuwa nikitoza ilikuwa 5,000.

Miaka minne nilikuwa nikijiambia kuwa wateja ni wachache. Wateja hawakuwa wachache. Hata kama ningeziuza siku zote 22 bila kuugua wala kuzika, kwa bei ile nisingefikisha mahitaji ya nyumba na kazi, na hesabu ya kuligundua hilo ni ya darasa la tano.

Somo hilo lina upungufu mmoja. Halikugusa msimu, na huwezi kuzungumzia kipato cha Moshi bila msimu. Fedha ya mji huu hufuata wageni wa mlima, ambao ni wengi kuanzia Juni hadi Oktoba na tena Januari hadi mwanzoni mwa Machi, halafu mvua za masika zinaposhuka Aprili na Mei hoteli hupunguza watu na hata kinyozi huiona tofauti. Desemba mji hujaa ndugu waliorudi Rombo, Machame na Kibosho, watu wananunua sana, lakini mtafsiri hapati kazi kwa sababu anayetoa kazi naye yuko migombani akisubiri nyama. Siku 11 nilizozihesabu ni za mwezi mmoja tu, na hata ukitafuta wastani wa mwaka, wastani haulipi ada ya shule ya mwezi wa Januari. Nilimwambia mwalimu, akakubali, akaahidi kuliongeza kwa darasa lijalo.

Jumamosi ya tatu ilihusu jinsi ya kumwonyesha mteja kazi zako. Mwalimu aliifungua kwa kuushambulia msemo wa chema chajiuza, kibaya chajitembeza, akisema kuwa umewafilisi mafundi wengi. Nilitarajia maneno matupu, ila alikuwa na hoja. Gauni zuri mteja analiona kwa macho, hivyo huenda likajiuza lenyewe, lakini ujuzi mwingine mnunuzi hana uwezo wa kuupima. Mteja wangu wa Ulaya ananipa kazi kwa sababu hajui Kiswahili. Atajuaje kama nimeandika vizuri? Anachokiona ni kama nilijibu barua yake siku ileile, kama niliuliza maswali yenye maana kuhusu matini yake, na kama kazi ilifika kwa wakati. Tulifundishwa basi kuandaa ukurasa mmoja wenye matini asilia upande mmoja na tafsiri upande wa pili, pamoja na maelezo mafupi ya chini yanayoonyesha kwa nini neno fulani limechaguliwa na si jingine, ili mteja auone ujuzi unavyofanya kazi hata kama lugha yenyewe haisomi. Nimeutumia ukurasa huo mara tatu tangu wakati ule, na mara mbili umenipa kazi.

Hata hivyo, mifano yote ya mwalimu ilikuwa ya watu wa kompyuta, na hili lilinikera kwa niaba ya wengine. Tulikuwa na kijana mwongozaji wa wageni mlimani, mwenye uzoefu wa njia za Marangu, Machame na Lemosho, ambaye aliambiwa aanze kutafuta wageni mwenyewe kwenye mitandao ya kijamii na kuwauzia safari moja kwa moja. Ushauri huo ungeweza kumtia matatani. Kuuza safari kwa watalii ni biashara yenye leseni yake, inayojulikana kwa jina la TALA, na kitambulisho cha mwongozaji hakikupi haki ya kuwa kampuni. Alichopaswa kuambiwa ni kwamba waongozaji na wapagazi wengi wa Kilimanjaro ni wafanyakazi huru tangu zamani, ingawa hakuna anayewaita hivyo: wanalipwa kwa safari, wanafanya kazi na kampuni zaidi ya moja, na kipindi cha masika wanakaa bila kitu. Kijana yule hakuhitaji biashara mpya. Alihitaji hesabu ya Jumamosi ya pili kwa ajili ya kujadiliana malipo ya siku na kampuni zinazomwita, pamoja na kazi ya pili ya Aprili na Mei.

Wiki ya nne ilikuwa ya makubaliano na ankara, na ilifundishwa vizuri. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haikatai makubaliano ya mdomo, lakini siku mteja akikana, utathibitisha kwa nini? Tulipewa kielelezo cha ukurasa mmoja kinachosema kazi ni ipi, itakamilika lini, italipwa shilingi ngapi, marekebisho ya bure ni mangapi, na kishika uchumba, yaani malipo ya awali, ni kiasi gani kabla ya kuanza. Mwalimu anapendekeza nusu. Kwa wateja wa mjini nimeona nusu inawezekana kwa mgeni, ila kwa ndugu, jirani na mtu wa jumuiya yako ya kanisani ni maneno mazito kuyatamka, na kozi haikutufundisha kuyatamka. Mama wa Kiboriloni aliuliza hilo hasa: "Wifi yangu akija na kitambaa, namwambiaje?" Alijibiwa kuwa biashara ni biashara. Kila aliyeolewa au kuoa Uchagani alijua kuwa hajajibiwa. Jambo moja la manufaa tuliloelezwa siku hiyo ni kwamba tangu tarehe 28 Machi 2025 kanuni zinakataza kupanga bei na kulipana kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani ya nchi, hivyo zile ankara za dola tulizozoea kuziandikia hoteli ziandikwe kwa shilingi. Wengi wetu tulikuwa hatujabadilika.

Sasa nije kwenye Jumamosi ya tano, ambayo kozi inaitangaza kuliko zote: kupata wateja wa nje kwa njia ya intaneti. Maelezo ya msingi yalikuwa sahihi. Upwork, jukwaa la kutafutia kazi lililotokana na kuungana kwa Elance na oDesk na kupewa jina hilo mwaka 2015, inakudai uombe kazi kwa kutumia vitu viitwavyo Connects, ambavyo vikiisha unavinunua kwa dola, kwa hiyo kuomba kila kazi inayopita ni kutupa hela. Kwa mkataba wa bei moja iliyokubaliwa tangu mwanzo mteja huweka fedha kabla hujaanza, na ukishakabidhi kazi ana siku 14 za kuikagua. Fiverr, jukwaa jingine la namna hiyo, inakata asilimia 20 ya kila mauzo, ambapo kazi ya dola 50 inakuachia 40, na kwa muuzaji wa kawaida fedha husubiri siku 14 kabla hajaweza kuitoa. Maana yake ni kwamba anayeanza leo asitegemee fedha hiyo kulipia kodi ya nyumba mwezi huu. Hayo yote yalielezwa kwa utulivu na kwa mifano.

Kilichofuata ndicho ninachokilalamikia kwa uzito. Mwalimu mgeni aliyeletwa siku hiyo, kijana mchangamfu mwenye simu mbili, alituambia kuwa akaunti mpya haipati kazi, na kwamba njia rahisi ni kununua au kukodi akaunti ya mtu iliyokwisha kupata sifa. Alikuwa na watu wa kutuunganisha nao. Majukwaa yote mawili yanakataza kuuza au kushirikiana akaunti, na wakati wowote yanaweza kukutaka uthibitishe kuwa wewe ndiye mwenye kitambulisho. Ikifungwa, inaweza kufungwa pamoja na fedha iliyomo, na hutakuwa na pa kulalamika kwa kuwa jina si lako. Nilinyanyua mkono nikasema hivyo. Alinijibu, "Dada, wewe umeshatoboa, waache wenzako." Sikuwa nimetoboa, nilikuwa nakopa hela ya luku. Mwalimu mkuu alikuwapo na hakusema neno, na kwa mtu aliyetufundisha hesabu kwa uaminifu ule, ukimya wake uliniuma kuliko maneno ya kijana.

Vilevile hakuna aliyegusa mabadiliko ambayo sisi watafsiri tunayaona kila wiki. Wateja wengi siku hizi hawaleti tena matini ya kutafsiriwa, wanaleta matini iliyokwisha kutafsiriwa na mashine na kutaka isahihishwe kwa bei ya chini. Kazi hiyo wakati mwingine inachukua muda uleule, kwa sababu Kiswahili cha mashine huwa kimenyooka kwa nje na kimepinda kwa ndani. Anayetaka kuuza ujuzi wa lugha leo anahitaji kujua namna ya kuitoza kazi hiyo kwa saa, si kwa neno, na kozi ya shilingi 180,000 ingepaswa kulisema hilo.

Jumamosi ya sita ilipangwa kuwa ya malipo na kodi. Ilianza saa tatu asubuhi kwa kugawa fulana, ikafuatiwa na vyeti, kisha picha za mmoja mmoja, za pamoja na za video ya tangazo, na ilipofika saa sita na nusu mwalimu alibakiwa na dakika 40 za kueleza jambo gumu kuliko yote. Alitutajia PayPal na Payoneer, huduma za kulipana kwa intaneti, akasema TIN, yaani namba ya mlipakodi, ni ya bure kutoka TRA, mamlaka ya mapato, akatutakia kila la heri.

TIN ni bure kweli. Lakini akaunti ya PayPal ya Tanzania kwa miaka mingi imekuwa ya kulipia na kutuma, si ya kupokea, na watu wawili katika darasa letu walikuwa wamekwisha kuwapa wateja anwani zao za PayPal. Kuhusu benki hakusema chochote, na mimi ndiko nilikoumia. Mwaka jana mteja alinitumia dola 150 kwa njia ya benki, zikanifikia 119, kwa sababu benki ya kati ilikata yake na benki yangu ikakata yake. Baadaye sana nilielewa kuwa mtumaji huchagua mojawapo ya namna tatu: abebe gharama zote, mgawane, au mpokeaji abebe zote. Sentensi moja kwenye ankara inayomwomba abebe gharama ingeweza kuniokolea fedha hizo, na kwa kuwa makato hutozwa kwa kila muamala, kuunganisha kazi tatu katika malipo mamoja huokoa zaidi.

Kwa wateja wa ndani kuna suala la kodi ya zuio, ambalo nalo lilirukwa. Hoteli moja iliwahi kunilipa 380,000 badala ya 400,000, nikanuna wiki nzima nikidhani wamenidhulumu. Ilikuwa ni asilimia 5 ambayo mlipaji anatakiwa kuizuia kwenye ada ya huduma na kuiwasilisha TRA, naye anapaswa kukupa cheti ili fedha hiyo ihesabiwe kwenye kodi yako ya mwaka. Asiyelijua hilo hadai cheti, na asiyedai cheti analipa mara mbili. Hili lingeelezwa kwa dakika tano, muda ambao darasa letu liliutumia kutafuta fulana za saizi kubwa.

Nikiulizwa kama kozi hii inastahili ada yake, jibu linategemea anayeuliza. Fundi, mpishi wa keki, mpiga picha au mtunza hesabu ambaye wateja anao na fedha haioni, aende. Jumamosi ya pili na ya nne zitamrudishia gharama ndani ya miezi miwili. Kijana aliyemaliza chuo juzi na anayetafuta mlango wa kwanza wa wateja wa nje asiende, au aende na siku ya tano abaki nyumbani.

Mimi nilipandisha bei. Sikuruka mara moja hadi 12,500. Nilianza na 9,000 kwa wateja wapya na kuwaandikia wa zamani kuwa bei itabadilika baada ya miezi mitatu. Kati ya wateja sita wa mjini wawili wameondoka, mmoja wao kwa matusi. Waendeshaji wa kozi niliwaandikia barua ya kurasa mbili, nikieleza habari ya kijana wa akaunti na habari ya dakika 40. Walinijibu baada ya siku nne kwamba kijana hataitwa tena, na kwamba darasa lijalo litakuwa na mgeni kutoka benki kwa nusu siku. Kuhusu fulana walisema wadhamini wanazipenda, hivyo zitaendelea.